Kusubiri kwa Daktari na Kusubiri kwa Foleni

Mpwa wangu ana miaka minane sasa. Jicho lake la kushoto liko wazi, jeusi, linang'aa sawa na lile la kulia, na mgeni anayemkuta uwanjani akicheza hawezi kutambua ni lipi lililokuwa na kasoro. Lakini ukimziba jicho la kulia kwa kiganja, kisha ukamwonyesha ule ubao wenye herufi E zinazotazama huku na huko, atazisoma zile kubwa za juu, halafu atanyamaza. Kope la jicho hilo lilirekebishwa kwa upasuaji akiwa na miaka saba. Tangu siku aliyozaliwa hadi siku ile lilikuwa limemfunika nusu ya mboni na zaidi.

Nimesita kuandika habari hizi kwa sababu nami nimo ndani ya kisa. Katika ukurasa huu nimezoea kuwashitaki wengine: mawaziri, wakurugenzi, wahisani, na mara mojamoja hata wanafunzi wangu. Safari hii mshitakiwa wa kwanza ni mwandishi.

Mtoto huyu alizaliwa kusini, ng'ambo ya mto Rufiji, katika kijiji ambako dada yangu mdogo amefundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka kumi. Mtoto alipotimiza miezi mitatu, dada alinipigia simu. "Kaka, jicho moja la mtoto halifunguki vizuri. Kope linaning'inia, ananitazama kama mtu anayesinzia." Mimi nimesomea uchumi wa kisiasa, kuhusu macho sijui lolote. Lakini katika koo zetu aliyesoma sana huulizwa yote, kuanzia mbolea hadi talaka, na ubaya ni kwamba huzoea kujibu. Nikajibu. Nikamwambia, "Subiri akue. Misuli ya mtoto bado laini, litafunguka lenyewe." Nililisema hilo kwa ile sauti ya utulivu tunayoitumia darasani tusipokuwa na uhakika.

Mama yetu naye alikuwa na tafsiri yake. Alidai kwamba dada alipokuwa mjamzito alimcheka mtu mwenye chongo sokoni, na sasa yamemrudia. Tulimtania sana bibi huyu kwa imani zake. Leo nikipima, naona ushauri wake na wangu ulizaa tunda lilelile, kwani hakuna kati yetu aliyesema mtoto apelekwe kwa daktari.

Hali yenyewe si ngeni katika utabibu. Kope la juu huinuliwa na msuli mdogo ulio ndani ya tundu la jicho. Wapo watoto wanaozaliwa msuli huo haukujengeka sawasawa. Mahali palipopaswa kuwa na nyuzi zinazovuta pamejaa nyuzi ngumu na mafuta, na kope hushindwa kupanda. Huweza kuwa jicho moja, huweza kuwa yote mawili. Wapo ambao kope hunyanyuka ghafla kila wanaponyonya au kutafuna, kwa kuwa neva ya misuli ya taya imejiunga mahali pasipo pake. Jambo hilo lilielezwa na daktari Marcus Gunn tangu mwaka 1883, na hadi leo liko kwenye vitabu kwa jina lake. Wapo pia wanaozaliwa na pengo katika kope, kana kwamba kipande kimekatwa kwa mkasi. Hatari ya hao ni nyingine: kioo cha jicho hubaki bila kifuniko, hukauka na kupata vidonda, kwa hiyo wanahitaji dawa ya kulainisha na uangalizi wa karibu tangu siku za mwanzo.

Naomba nieleweke. Si kila kope lililolegea humwondolea mtoto uwezo wa kuona. Wengi huwa na ulegevu mdogo usiofika kwenye mboni, na hao wataishi na kope hilo bila madhara makubwa zaidi ya utani wa wenzao. Lakini kope linapofunika mboni, au linapoukandamiza uso wa jicho hata umbo lake likapinda na picha ikaingia na ukungu, jambo huwa limehama kutoka kwenye kope. Limehamia kwenye ubongo.

Hapa ndipo penye jambo ambalo sikulijua, na ambalo nadhani kila mtumishi wa umma anayeshika faili la mtoto angepaswa kulijua. Mtoto hazaliwi akijua kuona. Jicho huleta mwanga, lakini ni ubongo unaojifunza kuugeuza mwanga huo kuwa uso wa mama, kijiko, kuku, herufi. Unajifunza katika miezi na miaka ya mwanzo, na masomo hayo yana msimu. Jicho lisiloleta picha safi katika msimu huo huachwa. Ubongo huligawia jicho jingine nafasi yake. Baadaye unaweza kulifungua, ukalisafisha, ukalivisha miwani bora kuliko zote, na bado lisione vizuri, kwa sababu ndani hakuna tena aliyebaki kulipokea. Madaktari huliita jicho vivu. Jina hilo silipendi, maana jicho halikuwa vivu. Lilizuiwa kufanya kazi.

Ushahidi wa jambo hili ni wa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, David Hubel na Torsten Wiesel, waliwachukua paka wachanga wakawashona kope za jicho moja, wakaziacha zimefungwa kwa miezi kadhaa, kisha wakazifungua. Jicho lenyewe halikuwa na ugonjwa wowote. Lakini walipopima chembe za ubongo zinazohusika na kuona, walikuta karibu zote zinalijibu jicho lililobaki wazi, na lile lililoshonwa likawa kama halipo. Walipofanya vivyo hivyo kwa paka wakubwa, hakuna kilichoharibika. Mwaka 1981 wawili hao walipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel kwa kazi yao kuhusu jinsi ubongo unavyoona.

Niliposoma habari za paka hao niliweka kitabu chini nikatoka nje. Jaribio ambalo wale wataalamu walilifanya kwa wanyama maabara, maumbile yalilianza kwa mpwa wangu, na sisi tukalikamilisha: mimi kwa simu, wengine kwa mihuri.

Mwenye kunitetea atasema: lakini hata madaktari husubiri. Ni kweli, na hapa pana mtego. Kope la mtoto likiwa halizibi mboni, daktari bingwa mara nyingi hungoja hadi mtoto afike miaka mitatu, minne au mitano. Anazo sababu. Mtoto wa umri huo anaweza kutulia akapimwa nguvu ya msuli wake, na kipimo hicho ndicho kinachoamua aina ya upasuaji. Msuli ukiwa na nguvu kiasi, hufupishwa ili uvute zaidi. Ukiwa hauna nguvu kabisa, kope hutundikwa kwenye msuli wa paji la uso kwa utepe unaopitishwa chini ya ngozi, hivyo mtoto akiinua nyusi kope hupanda nazo. Utepe ulio bora hutoka kwenye utando wa paja la mtoto mwenyewe, na paja la mchanga halina urefu wa kutosha. Lakini mboni ikiwa imefunikwa, bingwa huyohuyo hangoji. Atamtundika kope kwa utepe wa silikoni akiwa bado na miezi, akijua kwamba huenda kazi hiyo ikarudiwa akikua, kwa kuwa kinacholindwa pale ni msimu wa masomo ya ubongo.

Basi kuna kusubiri kwa namna mbili, na kwa macho ya mpita njia zinafanana. Kusubiri kwa daktari kuna tarehe: mtoto hurudi kila baada ya miezi michache, macho hupimwa, miwani hutolewa ikihitajika, jicho zima huzibwa saa kadhaa kwa siku ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi, na siku mambo yakibadilika uamuzi nao hubadilika. Kusubiri kwa foleni hakuna tarehe wala mtu anayetazama. Mpwa wangu alisubiri miaka saba, na katika miaka hiyo yote kila mmoja wetu aliamini kwamba yuko katika kusubiri kwa namna ya kwanza.

Ninayo kadi yake ya kliniki. Dada ameitunza ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa. Ni kadi iliyojazwa vizuri, nakiri. Chanjo za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne zipo. Surua ya miezi tisa ipo, na ya miezi kumi na minane ipo. Mstari wa uzito unapanda polepole kwa kalamu ya bluu na pahala pengine nyeusi. Nimehesabu: mara kumi na tisa mtoto huyu aliwekwa kwenye mizani mbele ya mtumishi wa afya. Mara kumi na tisa uso wake ulikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mtu aliyesomeshwa kwa kodi zetu, na kope lilikuwa linaning'inia mchana kweupe. Hakuna aliyeliandika. Dada anasema muuguzi mmoja aliwahi kulitaja, akasema, "Huyu ana jicho la usingizi, mzuri kweli," akamrudishia mtoto.

Simlaumu sana muuguzi yule. Kadi haikumwuliza kuhusu macho. Imemwuliza uzito, akajibu uzito. Serikali huona kile ambacho fomu zake zina kisanduku cha kukiandika, na mwalimu yeyote wa utawala wa umma atakuambia kwamba hakuna sera yenye nguvu kuliko kisanduku.

Kuna jambo moja ambalo hata sasa dada akilisimulia huishia kati. Mtoto alipoanza kutembea alikuwa akiinua kidevu. Alitembea uso ukiwa juu, akiwatazama watu kwa chini ya kope kama afisa anayekagua gwaride. Kwa bibi yake hilo lilikuwa jeuri. Katika malezi yetu mtoto humtazama mkubwa kwa kuinamisha uso. Anayeinua kidevu hana adabu. Basi akarudiwa, mara kwa upole, mara kwa kofi: "Shusha uso!" Alipokaribia miaka mitatu aliacha. Uso ukashuka. Tulifurahi kwamba mtoto ameanza kufunzika. Miaka minne baadaye, bingwa wa macho alipomwuliza dada kama mtoto aliwahi kuinua kidevu, na dada akasema ndiyo lakini aliacha mwenyewe, yule daktari aliinama akaandika, kisha akaeleza kwa sauti ya chini. Mtoto mwenye kope lililolegea huinua kidevu ili apate kuona kwa jicho hilo chini ya kope. Anapoacha, huenda ni kwa sababu ubongo umekata tamaa nalo. Tulichokiita adabu huenda kilikuwa ndiyo siku jicho lilipopoteza kesi yake.

Huko shuleni alipoingia darasa la awali, alipachikwa jina la Sinzia. Mwalimu mmoja, aliyekuwa mgeni hapo, alimpiga kwa kudhani analala darasani. Dada, ambaye ni mwalimu katika shule hiyohiyo, alipata habari wakati wa mapumziko. Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini natumia muda mwingi kufundisha habari za majina na uwezo wa majina. Hii ni sababu moja.

Tufike kwenye safari ya rufaa. Mtoto akiwa na miaka minne na kitu, ndipo mimi, kwa aibu iliyochelewa, nilipomwambia dada ampeleke hospitali. Kituo cha afya kilimwandikia kwenda wilayani. Wilayani muuguzi wa macho alikuwa kwenye mafunzo, arudi baada ya wiki mbili. Aliporudi, alimpima vizuri, akasema kweli hili ni la bingwa, akamwandikia kwenda mkoani. Mkoani walisema mtoto mdogo hawezi kupasuliwa kwa ganzi kama mtu mzima, lazima alazwe kwa dawa ya usingizi, na mtaalamu wa usingizi waliye naye anahudumia chumba cha upasuaji cha akina mama wajawazito. Wakamwandikia Dar es Salaam. Katika kila hatua nilikutana na mtu mwenye haki. Kila mmoja alifanya kilicho sahihi kwa nafasi yake, na kila usahihi ulikula miezi miwili au mitatu.

Hilo la mtaalamu wa usingizi si dogo, na tusilipuuze kwa sababu tuna hasira. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji ilieleza kwamba watu bilioni 5 duniani hawafikiwi na upasuaji ulio salama na wenye gharama wanayoimudu. Mwaka huohuo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha upasuaji wa lazima na huduma za usingizi katika nchi wanachama. Kumlaza mtoto wa kilo kumi na tatu na kumwamsha salama ni kazi ya ujuzi mkubwa, na mama anayevuja damu wakati wa kujifungua atapewa kipaumbele mbele ya kope, na ni haki apewe. Anayetaka kope la mtoto lirekebishwe kwa wakati hana budi kuanza kupigania mishahara na nafasi za ajira za wataalamu wa usingizi. Najua hilo halina mvuto wa kubebwa kwenye bango.

Dar es Salaam tulifika mtoto akiwa na miezi miwili kabla ya kutimiza miaka mitano. Walisafiri kutwa nzima kwa basi, wakavuka daraja la Mkapa jua likiwa utosini, wakafika kwangu usiku. Bingwa alimwona baada ya wiki moja, akapendekeza upasuaji, akajaza fomu ya kuomba idhini ya bima ya mwajiri wa dada. Fomu ilirudi. Juu yake, kwa mwandiko safi wa mtu mwenye elimu, palikuwa na neno moja: *urembo*.

Nilikwenda dirishani. Aliyekuwepo alikuwa binti mwenye heshima zote, aliniamkia, akanipa kiti. Alinifungulia orodha yake. Upasuaji wa kope uko pamoja na kunyoosha pua na kuondoa makunyanzi. "Mzee, mimi sina mamlaka ya kuuhamisha," akasema. Nikamwuliza kama amemwona mtoto. Hakumwona, na utaratibu haumtaki amwone. Nikakata rufaa kwa barua. Majibu ya rufaa yalikuja baada ya miezi mitano, yakitaka maelezo ya ziada ya daktari, maelezo yakapelekwa, idhini ya sehemu ya gharama ikatoka baada ya miezi mingine minne.

Katikati ya barua hizo mtoto alitimiza miaka mitano. Wasomaji watumishi wa umma wanajua maana yake. Sera yetu inasema mtoto wa chini ya miaka mitano atibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Siku moja kabla ya sherehe alikuwa na msamaha angalau kwenye karatasi. Siku ya pili hakuwa nao. Kwa hiyo dirisha la msamaha na dirisha la ubongo yalikuwa yakifungwa kwa pamoja, na mtoto amesimama katikati akingoja muhuri. Tukachanga. Siku ya upasuaji ilipopangwa mara ya kwanza mtoto alikuwa na kikohozi, na mwenye kikohozi halazwi kwa dawa ya usingizi. Mara ya pili vifaa havikuwa tayari. Mara ya tatu alikuwa na miaka saba.

Neno lile nimelitafakari sana. Mpenda chongo huliita kengeza, wamesema wahenga, na nyumbani kwetu tulifanya hivyo hasa: upendo ulimpa mtoto jicho la usingizi, jicho la mahaba, jicho zuri. Kule ofisini hakukuwa na upendo wala chuki, kulikuwa na orodha, nayo ikaliita urembo. Majina haya mawili, la kubembeleza na la kunyima, yalifanya kazi moja: yote yaliliondoa jicho katika habari za kuona. Kope ni mlango wa jicho. Hakuna mkaguzi wa majengo atakayesema mlango usiofunguka ni suala la mapambo, lakini tumeweza kulisema hilo kuhusu mtoto.

Wala hatuwezi kusema kwamba taifa hili halijui kupasua kope. Linajua sana. Ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, umewatesa watu wa Kongwa na maeneo mengine makavu ya bara kwa vizazi. Kope likiisha kupata makovu hupinda kwa ndani, na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho hadi upofu. Kwa ajili hiyo kulifanyika jambo la kupigiwa mfano: wauguzi na maofisa tabibu walifunzwa kurekebisha kope zilizopinda, wakazifuata vijijini, wakawapasua wazee kwa ganzi bila kuwasubiri wafike Dar es Salaam. Kongwa imekuwa mahali pa utafiti unaosomwa duniani kote. Liliwezekana kwa sababu ugonjwa ulihesabiwa wilaya kwa wilaya, ukapewa lengo la kimataifa, na penye lengo fedha zikafuata. Watoto wenye kope zilizolegea tangu kuzaliwa hawana hesabu wala ramani. Wametawanyika mmoja mmoja, kijiji hiki na kile, na kila mmoja huonekana kuwa ajabu ya familia yake.

Sisemi muuguzi wa vijijini afundishwe kumpasua mtoto. Upasuaji huu ni wa bingwa, na kukosea kipimo kidogo humwachia mtoto kope lisilofumba, jicho likakauka. Ninachosema ni kwamba kumtambua mtoto hakuhitaji bingwa. Kunahitaji tochi, dakika moja, na kisanduku kwenye kadi: je, mboni zote mbili zinaonekana? Je, mtoto anaufuata mwanga kwa kila jicho? Swali hilohilo lingewanasa pia wenye mtoto wa jicho wa kuzaliwa na wenye uvimbe wa saratani ndani ya jicho, ambao kwao kuchelewa hugharimu zaidi ya kuona. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa mwaka 2024, watazunguka nyumba kwa nyumba. Waongezewe tochi katika mkoba. Na jibu likiwa hapana, rufaa ya mtoto iandikwe umri wake kwa miezi, kwa maandishi makubwa, na anayeipokea ajue kwamba anapokea kitu kinachoharibika, kama chanjo iliyo nje ya jokofu.

Kuhusu bima, wakati ni huu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na kitita cha mafao kitakuwa kikijadiliwa na kurekebishwa kwa miaka ijayo na watu ambao baadhi yao husoma ukurasa huu. Ombi langu kwao ni dogo. Mpaka kati ya tiba na urembo usiwekwe kwenye jina la kiungo. Uwekwe kwenye mboni na kwenye umri: kope la mtoto mdogo linalozuia kuona ni tiba, na idhini yake itoke kwa siku, siyo kwa misimu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi ampatie mtoto matibabu. Dada yangu alitimiza wajibu huo kwa mabasi manne na mkopo wa chama cha akiba. Sijui sheria ilitaka afanye nini zaidi.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Usiku wa kwanza mtoto alilala jicho likiwa wazi kidogo, kama ilivyo kawaida ya kope lililotundikwa, na bibi yake hakufumba macho akidhani amekufa; tulipaka dawa ya mafuta kila baada ya saa chache kama tulivyoelekezwa. Baada ya wiki mbili alijitazama kwenye kioo muda mrefu, akainua nyusi, akashusha, akainua tena. Shuleni jina la Sinzia lilikufa lenyewe. Sasa huzibwa jicho la kulia saa mbili kila siku, naye hulichukia zoezi hilo kwa moyo wake wote. Kwa miezi minane amepata mistari miwili zaidi kwenye ubao. Daktari anasema huenda akapata mwingine, na asipopata tusishangae.

Wiki iliyopita dada alinitumia picha kwa simu. Si ya mwanawe. Ni binti wa jirani, ana miezi minne, kope zote mbili zimeshuka, na mama yake amemshika kidevu ili kukiinua kidogo kwa ajili ya picha. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Kaka, huyu je?" Nilikaa na simu ile mkononi. Kisha nikapiga kliniki ya macho ya watoto kuuliza siku zao. Ni Jumanne na Alhamisi, wafike kabla ya saa mbili asubuhi. Nauli imetumwa. Basi la kusini huondoka alfajiri, na Jumatatu usiku watalala kwangu.